Hatima ya Injini Namba 15

Ndugu mwandishi, umezitaja kwa taadhima injini za dizeli za ile reli fupi ya Rahway Valley, New Jersey, ukaipita kimya injini ya mvuke Namba 15, ilhali hiyo, iliyoundwa na Baldwin mwaka 1916 kwa reli ya Oneida and Western ya Tennessee na kununuliwa na Rahway Valley mwaka 1937, iliponyang'anywa kazi na dizeli hizo haikuuzwa chuma chakavu kama akthari ya wenzake, bali ilinunuliwa na Nelson Blount, tajiri wa vyakula vya baharini (ajabu ya mapenzi!). Leo imo katika makumbusho ya reli ya Steamtown, Scranton, Pennsylvania, magurudumu yake manane makubwa na mawili madogo ya mbele yangali relini, tanuri halina moto. Binafsi siuoni msiba, maana reli yenyewe ilifungwa 1992, nayo injini ingalipo.