Matangazo ya bure ya mtandaoni: Mathare yananufaisha nani?

MASHIRIKA ya kijamii yanayohudumia mtaa wa Mathare, jijini Nairobi, yaliuanza mwaka wa 2025 kwa wasiwasi. Mnamo Januari 20, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya kigeni kwa siku 90, na kufikia Julai 1 shirika la USAID lilikuwa limekoma kuendesha misaada hiyo. Hata kikundi ambacho hakikupata kupokea senti kutoka Washington hakikuepuka athari zake, kwani wafadhili wachache waliosalia sasa wanabishiwa mlango na mashirika makubwa yaliyopoteza bajeti zao.

Katika hali kama hiyo, ahadi ya matangazo ya bure mtandaoni huvutia. Kampuni ya Google ilianzisha mpango wa kuyapa mashirika yasiyo ya kibiashara matangazo ya bure mwaka wa 2003, na Kenya ni miongoni mwa nchi ambazo mashirika yake yanaruhusiwa kujiunga. Shirika linalokubaliwa hutengewa matangazo ya thamani ya hadi dola 10,000 kila mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni karibu shilingi milioni 1.3.

Tatizo ni kwamba hizo si pesa. Ni idhini ya kuweka mistari michache ya maandishi, bila picha, mbele ya mtu anayetafuta jambo fulani katika ukurasa wa Google. Haiwezi kulipa kodi ya chumba cha mkutano wala kununua mtungi mmoja wa maji. Tena tangazo la bure huwekwa chini ya matangazo ya wanaolipa. Shirika lisilofikisha matumizi hayo kwa mwezi halibakiwi na chochote cha kuweka akiba.

Masharti nayo si mepesi. Mwombaji sharti awe na usajili unaotambulika na tovuti iliyo mali yake. Ukurasa wa Facebook, ambao kwa vikundi vingi vya mitaani ndio ofisi yote ya mtandaoni, hautoshi. Tangu Januari 2018 kanuni zimekazwa zaidi. Katika kila watu 100 wanaoonyeshwa matangazo, angalau watano wanapaswa kuyabofya, na akaunti inayoshindwa kufikia kiwango hicho miezi miwili mfululizo inaweza kufungwa. Vilevile ni marufuku, isipokuwa kwa nadra, kulenga tangazo kwa neno moja pekee la utafutaji.

Sharti hilo la mwisho lina kichekesho chake hapa. Kikundi kinachotaka kumfikia anayetafuta neno "Mathare" hakina budi kuliongezea neno jingine, ila tu kama Mathare ni sehemu ya jina lake lenyewe. Na hata kingeruhusiwa, herufi moja tu mbele ipo Mathari, hospitali ya kitaifa ya magonjwa ya akili iliyo kando ya barabara ya Thika na ambayo chanzo chake ni mwaka wa 1910. Anayemtafutia nduguye matibabu hana haja na tangazo la timu ya soka ya vijana.

Lakini swali zito zaidi ni nani anayezungumziwa. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 206,564 katika kaunti ndogo ya Mathare, eneo la takriban kilomita tatu za mraba. Katika msongamano huo habari husafiri kwa mdomo, kwa kipaza sauti, kwa karatasi iliyobandikwa penye kioski cha maji, na siku hizi kwa makundi ya WhatsApp. Mkazi wa Mashimoni au Kosovo anayetaka kujua zahanati inafunguliwa saa ngapi humwuliza jirani. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipozoa nyumba kandokando ya mto, kisha serikali ikabomoa nyingine zilizokuwa karibu na kingo, aliyehitaji blanketi usiku huo hakuwa na nafasi ya kungoja akaunti ihakikiwe.

Kwa hiyo anayebofya matangazo hayo aghalabu ni mtu wa mbali, na aliye mbali hutafuta kwa maneno yake mwenyewe: kufadhili yatima, kujitolea Afrika, kusaidia watoto wa mitaa ya mabanda. Kikundi kinachohitaji mibofyo mitano kwa kila mia kina kila sababu ya kuyafuata maneno hayo, hata kama kazi yake halisi ni kuzoa taka au kuwatetea vijana mbele ya polisi.

Hapo ndipo bei ya kitu cha bure inapoonekana. Kenya ina Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto wa 2022 hadi 2032, unaokusudia kuwaondoa watoto katika makao na kuwarejesha kwenye familia na jamii. Tangazo linalomwita mgeni kuja kujitolea katika makao ya yatima linavuta upande wa pili, na huenda likafanikiwa kuliko lile linaloomba karo ili mtoto aendelee kulala kwa nyanyake. Kanuni za mibofyo hazitofautishi mambo hayo mawili.

Mathare haikungoja Google ili ijulikane. Chama cha michezo cha vijana cha MYSA kilianzishwa mwaka wa 1987, na timu zake zilipata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa, si kwa mabao pekee. Mwaka wa 1997 vijana wake walikabidhiwa kamera ili wapige picha za maisha yao wenyewe. Nacho kituo cha haki za kijamii cha Mathare kilitoa mwaka wa 2017 ripoti kuhusu mauaji yanayohusishwa na polisi, iliyotokana na ushahidi wa familia za mtaani humo.

Haimaanishi kwamba zana zote za bure ni za kukataliwa. Mpango huohuo wa Google hutoa barua pepe rasmi na hifadhi ya nyaraka bila malipo, jambo ambalo halizungumzwi sana kwa kuwa halina tarakimu ya dola 10,000 mbele yake. Katika nyumba za mabati zinazoteketea au kujaa maji, cheti cha usajili, daftari la michango na kumbukumbu za mikutano hupotea kwa saa moja. Nakala iliyohifadhiwa kwingine inaweza kukiokoa kikundi.

Hata hapo lipo la kuangaliwa. Mara nyingi anayefungua akaunti ni kijana wa kujitolea anayejua kompyuta, kwa nambari yake ya simu. Akipata kazi Mombasa au akibadilisha laini, huondoka na neno la siri, na viongozi waliobaki hulazimika kuithibitishia kampuni iliyo California kwamba kikundi ni chao. Watu wawili au watatu wenye idhini ya kuingia, majina yao yakiwa yameandikwa katika kumbukumbu za mkutano, ni kazi ya dakika chache.