Kitumbua cha Mwenzio Usikitie Mchanga



Ndugu zangu wanafunzi na wazazi wetu, katika somo la Kiingereza tumefundishwa msemo wa kulinyeshea mvua gwaride la mtu, yaani kumharibia mwenzio furaha yake. Msemo huo mimi siutumii. Kwetu Waislamu mvua ni rehema, na Mtume (S.A.W.) alipoiona aliomba iwe yenye manufaa. Nasi tuna msemo wetu: kukitia kitumbua mchanga. Mvua hushuka kwa amri ya Mola. Mchanga huutia mtu kwa mkono wake.

Nasema haya kwa sababu mkono wangu umewahi kuutia. Mdogo wetu mmoja alikhitimu juzuu ya Amma, akaja chuoni mbio kutupa habari. Nami, nikijiona mjuzi, nikamwambia mbele ya wenziwe: "Juzuu moja tu? Zimebaki 29, na tajwidi yako bado mbovu." Yalikuwa kweli. Lakini mtoto aliinama, na wiki nzima hakuonekana. Ustadhi ndiye aliyekwenda kwao kumrejesha.

Kisha ustadhi akatusomesha visa viwili vilivyomo katika Sahihi Bukhari. Siku ya Idi wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.). Sayyidna Abubakar (R.A.) akakemea, na Mtume (S.A.W.) akamtaka awaache, kwani ilikuwa Idi. Tena Wahabeshi walipocheza na mikuki msikitini, Sayyidna Umar (R.A.) aliwarushia vijiwe, naye pia akaambiwa awaache. Hao walikuwa watu bora wa umma huu, na nia yao njema. Sisi ni nani hata tuwe wepesi zaidi wa kukemea?

Atakuja mtu aulize: basi tuyanyamazie maovu? La hasha! Haramu hukatazwa, hata siku ya Idi. Lakini tajwidi ya mtoto si haramu, ni kazi ya kesho, tena pembeni na kwa upole. Leo mpe mkono, umwambie mashaallah.

Mdogo wetu nilimwomba radhi. Sasa yuko juzuu ya Tabaraka, na siku atakapoikhitimu nitakuwa wa mwanzo kumpongeza, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.