Neno la Mhariri: Likizo ya Mwalimu wa Kanisa

Uchovu wa kupindukia humpata zaidi mtumishi anayeipenda kazi yake. Huanza kwa kuishiwa nguvu kusikoondolewa na usingizi, kisha moyo hupoa: mchungaji anawasikiliza wafiwa bila kuguswa, anahubiri kwa mazoea, na hatimaye anajiona hajafanya lolote la maana miaka yote. Mwanasaikolojia Christina Maslach na mwenzake walizijumuisha dalili hizo tatu katika kipimo walichochapisha mwaka 1981. Mei 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huo kuwa hali inayotokana na kazi, wala si ugonjwa. Jambo hilo linalihusu kanisa moja kwa moja, kwa kuwa hali inayoletwa na kazi haiondoki kwa maombi na dawa tu wakati kazi yenyewe imebaki vilevile.

Mzigo wa kazi hiyo unaonekana wazi Kasese, magharibi mwa Uganda. Mwezi uliofuata tangazo hilo, Ebola ilivuka mpaka na kuingia huko. Mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo alifikishwa Hospitali ya Kagando, Kisinga, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission na ambayo leo iko chini ya Dayosisi ya Rwenzori Kusini ya Kanisa la Uganda. Wahudumu waliitambua hatari, akahamishiwa Bwera, akafariki. Mdogo wake na bibi yao nao wakafariki. Wilaya ya Kasese ilikuwa imekwisha kuona mengi: uvamizi wa waasi wa ADF mwaka 1996, mafuriko ya Mto Nyamwamba mwaka 2013, na umwagaji damu wa Novemba 2016 uliogharimu maisha ya watu zaidi ya 100. Kisha usiku wa Juni 16, 2023, waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, katika shambulio la Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Katika misiba kama hiyo mtumishi huitwa kuzika na kukaa na wafiwa, ilhali mara nyingi yeye mwenyewe ni mfiwa: waliokufa ni jamaa zake, majirani zake, watoto aliowabatiza. Anafariji kabla hajalia.

Walioelemewa zaidi wako ngazi ya chini kabisa. Parokia moja ya Kianglikana hukusanya makanisa kadhaa yaliyotawanyika milimani, na kasisi hawezi kuyafikia yote kila Jumapili. Kila kanisa huangaliwa na mwalimu wake asiye na daraja takatifu. Kwa Wakatoliki ni katekista. Huyo huongoza ibada, huwaandaa watu kwa kipaimara, hupatanisha wanandoa, hukesha matangani, na asubuhi anashika jembe shambani kwake, maana anachopewa na kanisa hakitoshi kulipa karo. Mke wake naye huhesabiwa mtumishi bila kuulizwa.

Mpangilio huu una historia. Wamisionari wa kigeni walikuwa na likizo ya kurudi kwao baada ya miaka kadhaa, wapumzike na watibiwe. Mwinjilisti mwenyeji hakupangiwa kitu, kwani alihesabiwa kuwa yuko nyumbani. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Mboga, ng'ambo ya Rwenzori, mwaka 1896, alitumika hadi kufa kwake mwaka 1933, na anastahili heshima yote anayopewa. Lakini si haki kumfanya kipimo cha kila mwalimu wa kanisa.

Sheria nazo zimemruka mwalimu wa kanisa na katekista. Kanuni ya 533 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inampa paroko hadi mwezi mmoja wa mapumziko kila mwaka. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwajiriwa siku 7 za likizo kwa kila miezi 4 ya kazi. Katekista asiye na mkataba hana hata moja kati ya hizo. Biblia inaonyesha njia nyingine: Yethro alipomwona mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, hakumlaumu kwa imani haba; alimshauri ateue wasaidizi.

Halmashauri za parokia za Kisinga, Bwera na kwingineko ziandike likizo ya mwalimu wa kanisa na katekista katika bajeti ya mwaka ujao, pamoja na posho ya atakayeshika zamu yake. Na msiba mkubwa ukitokea, dayosisi itume watumishi kutoka nje ya eneo hilo, ili wa hapo nao wapate siku za kuomboleza.