Kijana Mwenye Daftari

Huko Nyeri, mahali ambapo Mlima Kenya huonekana wazi asubuhi, limo kaburi la Bwana Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti, aliyekufa tarehe 8 Januari 1941. Wengi humkumbuka kwa kofia yake pana na kaptula. Lakini lililo kubwa zaidi ni lile alilolifanya mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Aliwakusanya wavulana wapatao 20, wengine wana wa matajiri, wengine wana wa wafanya kazi, akawagawa katika vikundi vinne, na kila kikundi akakiweka chini ya mvulana mwenzao. Angaliweza kuwaamuru wote kwa filimbi moja; hakutaka hivyo.

Maskauti wa Marekani wameliendeleza jambo hilo kwa namna ifaayo kuangaliwa. Cheo chao cha juu kabisa huitwa Tai. Tangu mwaka 1965, kijana anayekitaka hana budi, kabla hajatimiza miaka 18, kufanya kazi ya kuifaa shule, au nyumba ya ibada, au watu wa mji wake. Wasichana nao waliruhusiwa kukitafuta tangu mwaka 2019.

Ajabu ya kanuni hiyo ni hii. Kijana akichimba mtaro peke yake siku kumi, mikono ikatoka malengelenge, cheo hakipati. Hapana idadi ya saa iliyowekwa. Linalotazamwa ni kwamba aliwaongoza wengine, wasiopungua wawili, na jinsi alivyowaongoza.

Tena haanzi ovyo. Makarani watafurahi kusikia kwamba kwanza huandika: ni kazi gani, vifaa gani, fedha zitoke wapi, hatari zipi. Karatasi hizo hutiwa sahihi na wale watakaofaidiwa, na kiongozi wa kundi lake, na kamati yake, na wakuu wa Maskauti wa sehemu ile. Kabla ya sahihi hizo hapigwi msumari hata mmoja. Kuchanga fedha tu hakuhesabiwi, wala kazi ya kumletea mfanya biashara faida.

Natuseme kijana wa miaka 16 amekusudia kutengeneza mabenchi ya shule. Jumamosi wanafika rafiki zake sita, na nyundo ni mbili. Wawili wanafanya kazi. Wanne wameketi chini ya mti, na kitambo kidogo wameanza kurushiana mawe. Mmoja hajala tangu jana. Mwingine anajua useremala kuliko kiongozi wake, na anajua kwamba anajua. Kijana atamwambiaje mtu wa rika lake, "Msumari huu umepinda, ung'oe," wasigombane? Na kando amesimama baba yake, fundi hodari, mikono ikimwasha. Akiishika nyundo yeye, mabenchi yatakuwa tayari kabla ya saa sita, tena mazuri zaidi, na mwanawe hatakuwa amejifunza neno. Huenda mtihani wa baba ni mgumu kuliko wa mwana.

Katika vijiji vingi vya Kenya, vijana wakiitwa kutengeneza barabara au kufyeka uwanja wa shule, hupewa majembe. Daftari hubaki kwapani mwa mwenyekiti. Halafu, wakifika miaka 30, watu hulalamika kwamba hawajui kuendesha hata mkutano wa chama cha ushirika. Wangalijulia wapi?

Kazi ikiisha, yule kijana wa Marekani huandika tena: mambo gani yaliyobadilika, fedha zilitumikaje. Katika karatasi hizo huulizwa pia ni jambo gani lililokuwa gumu kwake katika kuongoza. Kisha huketi mbele ya watu wazima wa baraza, nao humhoji, huku karatasi zake ziko mezani.