Gitaa la nyumbani, kwa nyuzi zilizolegea

 

Sisi walimu wa kujitolea tunaulizwa sana swali hili: mtoto wangu anapenda gitaa, lakini mwalimu wa muziki hakuna, pesa ya masomo hakuna, sasa atajifunzia wapi? Jibu letu ni fupi: nyumbani. Kuna watu waliofanya hivyo zaidi ya miaka mia moja, mpaka gitaa lao likapata sauti yake lenyewe. Ni watu wa Hawaii, visiwa vya katikati ya bahari ya Pasifiki ambavyo leo ni jimbo la Marekani.

Habari yao inaanza na ng'ombe. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza, George Vancouver, alimletea mfalme Kamehameha zawadi ya ng'ombe. Mfalme akakataza wasichinjwe. Basi wakazaana, wakawa wa porini, wakaingia mashambani na kula vya watu (kama mbuzi fulani tunaowajua hapa kambini, wenyewe wanajijua). Miaka ya 1830 Kamehameha wa Tatu akaita wachunga ng'ombe kutoka Mexico waje kuwafundisha watu wake kazi ya farasi na kamba. Wageni hao walikuja na magitaa. Inasimuliwa kwamba waliporudi kwao waliyaacha, na wenyeji wakabaki na chombo mkononi bila mwalimu. Walifanya nini? Walilegeza nyuzi mpaka zikapatana na nyimbo zao. Ndiyo maana mtindo huo kwao unaitwa kī hōʻalu, yaani kulegeza ufunguo wa kukazia uzi.

Sasa kila familia ikawa na namna yake ya kupanga nyuzi, na namna hiyo ilifichwa kama siri ya dawa. Hata mtoto wa nyumbani hakuelezwa. Desturi ilikuwa aangalie kwa macho, asikilize kwa masikio, afunge mdomo. Sisi hatuwalaumu wazee wale, mali ya ukoo hailindwi kwa kupigiwa kelele. Lakini mzee akifa kabla mtoto hajashika, mpangilio wake unazikwa naye. Na watoto walikuwa wanavutwa upande mwingine. Mwaka 1896 sheria ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya shule, Kihawaii kikaanza kupungua midomoni mwa watoto, na nyimbo zikapungua pamoja nacho.

Waliookoa jambo hili hawakuwa matajiri. Gabby Pahinui, aliyezaliwa mwaka 1921, alifanya kazi ya sururu na koleo barabarani. Jioni na siku za mapumziko nyumba yake huko Waimānalo ilijaa watu, wazee kwa vijana, wanapiga mpaka usiku. Wanawe walikulia katikati ya magitaa hayo, na mwaka 1975 sauti zao zimo kwenye santuri moja na baba yao. Mwaka 1973 kijana mwingine, Keola Beamer, alitoa kitabu cha kufundisha mtindo huo waziwazi, mtu yeyote asome. Mwaka 1978 Kihawaii nacho kikawa lugha rasmi ya jimbo pamoja na Kiingereza.

Haya, tushike gitaa. Mpangilio unaopendwa zaidi kwao unaitwa shamba la magimbi (Warundi, ndiyo amateke). Gitaa la kawaida, kuanzia uzi mnene, ni mi, la, re, sol, si, mi. Nyuzi tatu za katikati, re, sol na si, usiziguse. Legeza ule mnene kabisa polepole mpaka ulie kama uzi wa re, lakini kwa sauti nzito zaidi. Unaofuata, wa la, ulegeze upatane na sol kwa namna hiyo hiyo. Halafu ule mwembamba kabisa, nao ushuke mpaka re. Huhitaji mashine yoyote, ni sikio tu. Ukivuta nyuzi zote bila kubana popote, tayari unapata akodi kamili ya sol.

Hapo ndipo tunapoupenda mpangilio huu kwa watoto. Kidole kimoja kikilazwa juu ya nyuzi zote, nyuma kidogo ya chuma cha tano cha shingoni, unapata akodi ya do. Nyuma ya chuma cha saba, akodi ya re. Kwa akodi hizo tatu mtoto wa miaka minane anaweza kuimba nusu ya nyimbo za kanisani. Uzi uliolegea ni laini kwa vidole vyake, tena haukatiki ovyo, na ninyi mnajua shida ya kupata nyuzi hapa.

Mkono wa kuume, dole gumba linatembea taratibu kwenye nyuzi nene, vidole vingine vinatafuta wimbo kwenye zile nyembamba. Wazee wa Katanga watacheka, maana hilo si geni kwao. Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa Jadotville mwaka 1952, mji ambao leo ni Likasi, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na ungedhani ni watu wawili.

Mwaka huu tumezika hapa mzee aliyejua nyimbo za wavuvi wa ziwani. Wajukuu zake wanajua viitikio, beti hawazijui. Familia nyingine zinasafiri, hawa Kanada, hawa Australia, mzee anabaki au anakwenda na mwana mmoja tu. Kwa hiyo tunawaomba akina babu na bibi: Jumamosi saa tisa, baada ya masomo ya ziada, njooni kwenye darasa la mwisho karibu na bomba la maji. Tuna magitaa mawili, moja lina nyuzi nne tu. Mtoto aje na daftari, aandike maneno yote ya wimbo kama babu anavyoyatamka, kwa lugha yake babu. Mwenye uzi wa si wa akiba, tafadhali asitusahau.