Maji Ndani ya Mashine Mpya Si Ushahidi wa Magendo

Tuseme askari wa zamu amesimamisha lori huko Busitema, katika barabara kuu itokayo Tororo kwenda Jinja. Ndani mna mashine ya kufulia nguo, na stakabadhi zake zasema ni mpya. Boksi linafunguliwa, mashine inainamishwa, na maji yanachuruzika sakafuni. Je, mwenye mali amesema uongo?

Wengi wetu tungejibu upesi kuwa ndiyo. Sisi wa mpakani tumeyazoea magendo. Wazee wanaikumbuka miaka ya 1976 na 1977, bei ya kahawa ilipopanda duniani na magunia ya Uganda yakavushwa kwa siri kwenda Kenya. Isitoshe, mwaka 2009 Serikali ya Uganda iliamua kuzuia uingizaji wa majokofu yaliyokwisha kutumika, na tangu hapo neno "kuukuu" lina uzito wake kizuizini. Hata hivyo, katika jambo hili shuku hiyo yaweza kumwonea raia asiye na kosa.

Sababu yake ni nyepesi. Mashine ya kufulia hujaribiwa kiwandani kabla haijatiwa katika boksi. Hujazwa maji ili ionekane kama inavuja, kama pipa lake lazunguka sawasawa, na kama pampu yake yasukuma maji nje. Lakini pampu haiwezi kuyatoa yote. Kiasi kidogo hubaki chini ya pipa, katika kichujio na katika mpira wa kutolea maji. Watengenezaji wengi huyaeleza hayo katika vijitabu vyao vya maelezo, vijitabu ambavyo, kwa bahati mbaya, ndivyo vya kwanza kutupwa. Mashine za kuoshea vyombo na pasi za mvuke huweza kuwa hivyo hivyo.

Basi askari atazame nini? Atazame bolti za usafirishaji, zile ndefu zilizofungwa nyuma ya mashine kulizuia pipa lisitikisike njiani. Atazame ufizi wa mpira wa mlangoni: kama una ukungu mweusi, nyuzi za nguo, au utelezi wa sabuni, hapo pana la kuuliza. Chokaa nyeupe penye kiingizio cha maji, na namba ya mashine isiyolingana na ile ya boksi, ni dalili zenye nguvu kuliko kikombe cha maji safi. Tena mlanguzi mwerevu huikausha mashine yake kuukuu kwa kitambaa na jua. Ukavu nao, kwa hiyo, hauthibitishi upya.

Jokofu lina habari nyingine, kwani haliendeshwi kwa maji. Lakini kontena lililosafiri baharini hadi Mombasa, likapigwa na joto la mchana na baridi ya usiku, hutokwa na jasho ndani ya dari yake, na matone hayo huangukia shehena. Unyevu juu ya boksi na nje ya jokofu waweza kuwa umetokana na safari. Harufu ya chakula ndani yake haitokani na safari.

Baada ya kutazama, uamuzi una wenyewe. Forodha inayo Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na ubora wa bidhaa ni kazi ya shirika la viwango la kila nchi. Tangu Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipokizindua kituo cha pamoja cha Busia, maofisa wa pande mbili hufanya kazi mahali pamoja. Kuwauliza si kazi ngumu. Anayemtoza mfanyabiashara "faini" ya mkononi kwa sababu ya maji ya kiwandani hajazuia magendo yoyote.

Askari naye ni mnunuzi. Aliyerudi kutoka Somalia na akiba yake, akakuta maji katika mashine aliyomnunulia mkewe, asikimbilie dukani kugombana. Azikague dalili hizo, azifungue bolti, kisha aiendeshe mara moja bila nguo, kwa maji ya moto.

Na boksi likifunguliwa barabarani, lifungwe tena mbele ya mwenyewe, na iandikwe ni nani aliyelifungua na saa ngapi. Mnunuzi wa Kampala aweza kuikataa mashine ambayo boksi lake limekatwa bila maelezo.