Nywila Moja kwa Watu Sita?

Seva yetu ni kompyuta kuukuu ya mezani inayokaa chini ya kitanda, geto kwangu. Tulichanga washkaji sita tukanunua diski, tukaweka Linux, na kazi zote za mradi wa mwaka wa mwisho zikahamia humo. Uwe hosteli, maktaba au umerudi kwenu likizo, unaingia kwa SSH, unapiga kazi, unatoka. Nywila ilikuwa moja. Tuliitupia kwenye grupu la WhatsApp, maisha yakaendelea.

Muhula uliopita folda ya data ikafutwa. Tukafungua kumbukumbu za seva tumjue aliyeingia: jina la mtumiaji lilelile la wote, anwani ya intaneti ni ya Wi-Fi ya hosteli, ambayo wote tunaitumia. Tulipokosa ushahidi, tukamshuku yule tuliyekuwa tumekosana naye. Hakuwa yeye. Aliyefuta alikuja kusema mwenyewe baada ya wiki mbili. Alikosea amri tu, akaogopa. Data tuliokoa kama nusu. Yule tuliyemsingizia mpaka leo anatusalimia kwa mbali.

Wengi tukisikia habari za kudhibiti wanaoingia kwenye seva tunawaza wadukuzi. Wapo kweli. Tatu Ylönen alitengeneza SSH mwaka 1995 huko Finland baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Na ukiacha mlango namba 22 wazi kwenye intaneti, programu za kubahatisha nywila hazichelewi kubisha hodi. Kubadili namba ya mlango kunapunguza kelele tu. Ila mimi nasema kwa geto kama letu, wa kwanza kulindwa ni mwenzako, asibebeshwe kosa lisilo lake.

Kwa hiyo siku hizi kila mtu ana akaunti yake na jozi yake ya funguo. Ufunguo wa siri haumtoki kwenye laptopu yake, na una nywila yake. Ule wa umma tunauandika kwenye faili la authorized_keys la akaunti yake. Laptopu ikiibwa (na chuoni zinaibwa!), tunafuta mstari mmoja, wengine hawasumbuki. Kuingia kwa nywila tumekuzima, na kwa akaunti ya root pia. Ukitaka kufanya hivyo, usifunge dirisha ulilonalo kabla hujajaribu ufunguo kwenye dirisha jingine. Mimi nilijifungia nje, nikalazimika kuazima skrini kwa jirani usiku.

Mshkaji mmoja alilalamika, "Kwani hatuaminiani?" Nikamuuliza, ile wiki mbili tuliaminiana vipi? Akanyamaza.

Akaunti ya sita nimeshaifungua, ina jina la yule mwenzetu. Nimemwandikia mara mbili anitumie ufunguo wake wa umma. Ujumbe ameusoma, hajajibu.